Spika ya Chumbani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa kwenye daftari la kituo. Kazini na mtaani anajulikana kama Mama Sauti.
Umri: Miaka 49
Kazi: Fundi na muuzaji wa vyombo vya muziki
Makazi: Chumba cha nyuma ya duka lake, mtaa wa pili kutoka soko la vyuma chakavu
Yanahusu: Kifo cha mwanamke wa miaka 74, mke wa seremala mstaafu
Tarehe: 23 Aprili, saa 4:10 asubuhi

Mimi ndiye mwenye maelezo haya. Sikuitwa kituoni, nimekuja mwenyewe.

Mnamo tarehe 2 Aprili, saa tano kasoro robo asubuhi, mzee mmoja aliingia dukani kwangu. Nilimwamkia, akaitika, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuangalia bidhaa. Alisema yeye ni seremala mstaafu na nyumbani ana redio ya kupigia santuri ambayo kabati lake alilichonga kwa mkono wake. Spika zilikuwa zimekufa. Alitaka mbili mpya, moja ya sebuleni na moja ya chumbani. Ya chumbani ilikuwa kwa ajili ya mke wake.

Alinieleza kwamba mke wake anaugua maradhi ya kusahau, huu ni mwaka wa tatu. Ujanani alikuwa mpokea simu wa hospitali. Siku hizi hakumbuki kama amekula, na ikifika mchana huanza kuzunguka ndani akimtafuta mama yake, ambaye alifariki zamani sana. Kitu pekee kinachomtuliza ni santuri za wakati wao. Zikipigwa hujilaza kitandani, vidole vikifuata ngoma juu ya shuka.

Nilimwonyesha spika za waya na zisizo na waya. Alitaka za waya. Alisema, "Binti yangu, waya nauona. Ukikatika, naunga. Hicho kingine kinapita hewani, kikipotea nitakitafuta wapi?" Akacheka kidogo. Alisema hata mke wake, yeye alianza kumjua kwa sauti ya simu tu, mwezi mzima yeye mzee akipiga hospitali kumwulizia mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa, na hakuamini kuwa kuna mtu kweli mpaka alipokwenda kumwona dirishani.

Siku hiyohiyo saa nane mchana nilikwenda kuiona nyumba. Ni ya vyumba viwili na korido fupi. Ukuta wa chumbani unapakana na chumba cha mshona nguo, mwanamke anayeishi peke yake. Kwenye korido nilikuta waya wa chaja umefungwa mafundo saba au manane. Mzee alisema mkewe akiona waya lazima auvute. Alikwishavuta wa pasi na wa taa ya mezani. Nadhani mikono ya mama bado ilikuwa inakumbuka kazi ya kuchomeka na kuchomoa nyaya za simu.

Mama mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa vizuri, nywele zimesukwa. Aliniuliza, "Nikuunganishe na wadi gani?" Mzee ndiye aliyejibu kutoka mlangoni: "Wadi namba nne, dada, kama hutajali." Mama akatabasamu, akatulia.

Hapa naomba iandikwe vizuri. Waya ungeweza kupitishwa juu, kwenye mfereji wa plastiki kando ya dari, mahali ambapo mama asingefika. Kazi hiyo naijua, nimeifanya nyumba nyingi. Lakini ni ya siku mbili, kupanda ngazi na kutoboa ukuta mnene. Goti langu ni bovu na kesho yake mchana nilikuwa na kazi ya kufunga vyombo ukumbini. Mzee aliniuliza, "Wewe ndiye fundi. Ingekuwa nyumba ya baba yako, ungeweka zipi?" Nilimjibu ningeweka zisizo na waya. Habari ya dari sikuitaja.

Tarehe 3 Aprili, saa tatu asubuhi, nilizifunga, na nyuma ya redio nikapachika kifaa kidogo cha kurushia sauti. Ilichukua dakika arobaini.

Spika za aina hiyo huweza kupokea sauti kutoka kwenye chombo chochote kilicho karibu, simu hata ya jirani, mpaka fundi azifunge kwa namba ili zipokee chombo kimoja tu. Siku ile nilizifunga kwa namba, lakini ya chumbani ikapoteza mawasiliano na redio mara mbili. Nikaona mzee atanipigia kila siku. Nikaitoa namba, nikaiacha wazi. Ikashika vizuri. Nilimwambia akishazima redio aiache spika ya chumbani ikiwa imewashwa, asihangaike nayo.

Tarehe 6 alinipigia simu kunishukuru. Alisema mama amelala mchana kutwa na yeye mwenyewe amepata kunyoa ndevu kwa utulivu. Nilifurahi. Nilimsimulia hata mteja mmoja.

Yaliyotokea tarehe 14 Aprili sikuyaona kwa macho yangu. Nayaeleza kama nilivyoyasikia kwa mshona nguo na kwa mzee, na simu ya mshona nguo nimeikagua mwenyewe.

Mshona nguo ana spika yake ndogo anayosikilizia akiwa kwenye cherehani. Ni ya kampuni moja na ile ya chumbani kwa mzee, kwa hiyo kwenye simu yake yalitokea majina mawili yanayofanana. Siku chache kabla ya hapo alibonyeza lisilo lake. Hakusikia kitu, akaghairi. Lakini simu ikishawahi kuunganishwa na chombo, kikiwa wazi huweza kukirudia yenyewe.

Tarehe 14, saa tisa na dakika kumi alasiri, mzee alizima redio akaenda duka la dawa. Mama alikuwa usingizini. Mlango aliurudisha tu bila kuufunga kwa ufunguo, maana mama akikuta umefungwa alikuwa anaupiga kwa viganja mpaka vinavimba. Muda huohuo mshona nguo alipokea ujumbe wa sauti wa mama yake mzazi aliyekuwa safarini kuja kumtembelea. Aliufungua, hakusikia chochote. Alidhani simu imeharibika. Akapandisha sauti mpaka mwisho, akaufungua tena, na tena. Mara tatu. Cherehani ya jirani yake wa upande wa pili, naye mshonaji, ilikuwa inanguruma, na yeye hakusikia kwamba sauti inatokea ng'ambo ya ukuta.

Ujumbe nimeusikiliza. Unasema: "Mwanangu, nimefika. Niko stendi, nimekaa kwenye benchi. Njoo unichukue, mvua inaanza."

Mzee alirudi saa tisa na dakika arobaini. Mlango ulikuwa wazi na kitanda kimetandikwa. Mwavuli haukuwepo.

Mkata tiketi wa stendi alimwona mama saa kumi na nusu, amekaa kwenye benchi, mwavuli mmoja ameukunja magotini ingawa mvua ilikuwa inamnyeshea. Alimwuliza anamsubiri nani. Alijibu kwamba anamsubiri mama yake, amemwambia yuko hapahapa. Mkata tiketi alikwenda kuhudumia abiria. Aliporudi kutazama, benchi lilikuwa tupu.

Tulimtafuta siku mbili. Nilifunga duka. Asubuhi ya tarehe 16 wafagiaji walimkuta kwenye mtaro wa maji nyuma ya stendi. Mimi ndiye niliyekwenda na mzee kumtambua, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kwenda naye.

Watu wa mtaani wanasema mshona nguo alifanya makusudi, kwamba alikuwa anaitaka ile nyumba. Wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao hata ambavyo havijakatwa. Hapa kituoni ameitwa mara mbili. Nasema hana kosa. Alikuwa anamsikiliza mama yake.

Tarehe 21 Aprili, saa kumi jioni, nilikwenda kwa mzee kumweleza yote, ile namba niliyoitoa na waya ambao ungeweza kupita darini. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekaa upande wake wa kitanda. Kwanza aliniuliza ile sauti ilikuwaje, ya ukali au ya upole. Nilimwambia ya upole.

Kisha alisema, "Mwanangu, mimi ni seremala. Dari hii niliipiga mwenyewe. Unadhani sikujua kwamba waya ungepita juu?"

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

Alisema, "Nilikuwa nimechoka. Nilitaka mtu mwingine aamue kitu kimoja tu cha nyumba hii."

Aliniambia nikapumzike. Hakunilaumu, na mimi nilikuwa nimekwenda ili anilaumu. Nilipofika mlangoni aliniomba niende na spika zote mbili, na redio pia kama nitaweza kuibeba. Nilimwambia redio abaki nayo. Alisema haina wa kumpigia.

Niliyoyafanya na niliyoacha kuyafanya ndiyo hayo, na haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, hakuna nililoongezewa wala kupunguziwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika maelezo haya mimi mwenyewe na kumsomea shahidi, akakiri kuwa ni sahihi. Baada ya kutia sahihi aliniuliza atashtakiwa kwa kosa gani. Nilimjibu kuwa kwa maelezo haya sioni kosa la kumshtaki. Aliniomba niangalie tena. Niliangalia tena, nikampa jibu lilelile. Saa 5:35 asubuhi nilimruhusu kuondoka. Hadi saa 8:00 mchana, nilipokabidhi zamu, alikuwa bado amekaa kwenye benchi la mapokezi.