Njia ya Lencho kwenda Chuoni

Arcata, 6 Septemba 2009

Kwako Mama Mdogo Chabela,

U mzima? Mgongo je, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye usukani? Mwili wangu hauna neno, ila roho inayumba. Huku kaskazini ukungu hautoki mitini hata saa sita mchana.

Darasani wenzangu ni watoto wa miaka kumi na minane, mimi ishirini na sita. Wakiona tatuu ya shingoni wanasogeza viti. Juzi msichana mmoja kaniuliza, "Wewe ndiye fundi? Taa yetu imeungua." Nikapanda mezani nikaibadilisha. Nilipomaliza nikakaa karibu naye, nikafungua kitabu. Ungeuona uso wake! Nilicheka, lakini nilipofika chumbani nililia.

Hatuna damu moja, lakini wewe ndiye uliyenipokea kwenye ofisi yako ya kusaidia vijana wa magenge nilipotoka gerezani, ukanisukuma mpaka nikafika chuo. Basi niambie kweli: hapa ni mahali pangu? Nataka kurudi.

Msalimie Lencho, huyo ndugu yangu wa mtaani. Kila ujumbe wake ni matusi.

Mwanao,
Efraín

Los Angeles, 17 Septemba 2009

Mwanangu Efraín,

Nimepokea yako nikiwa salama, na mgongo ni uleule. Je, unakula? Usinidanganye kwamba mkate na kahawa ni chakula.

Hurudi. Siku ya kwanza ofisini kwangu uliniambia, "Doña, sisi wa genge tunazikwa hapahapa." Leo unalalamikia viti. Mimi naona umesogea mbali.

Sasa sikia: Lencho, au Lorenzo kama barua ya chuo ilivyomwita, kakubaliwa kusomea uuguzi! Mtaa mzima unacheka. "Lencho na sindano? Si ndiye aliyezimia akifutwa tatuu?" Mama yake, Doña Ofelia, kapika tamales, zile mkate za mahindi zilizofungwa majanini, za kulisha kanisa zima.

Taabu ni njia. Basi la chuoni linapita mtaa wa wale mahasimu wenu wa zamani, nao wanamjua kwa sura. Kutoka kwenye genge katoka, lakini nani kawaambia? Kwa hiyo kila asubuhi nampeleka kwa gari langu. Njia nzima ananisomea majina ya mifupa kwa sauti ya padri.

Mama Mdogo wako,
Chabela

Arcata, 20 Februari 2010

Mama Mdogo,

Salamu za upendo. Kikohozi kimekwisha? Mimi nimenenepa, haki ya Mungu ungenipita njiani.

Utafiti wangu wa samaki wa mtoni umechaguliwa! Tarehe 18 Machi nitausoma ukumbini mbele ya walimu wote. Wenzangu wanaleta wazazi. Mama yangu yuko kaburini, na baba hata sijui pa kumtafuta. Njoo wewe. Siku mbili tu, nikuone umekaa mbele.

Mwanao,
Efraín

Los Angeles, 2 Machi 2010

Mwanangu,

Kikohozi kimekwisha, na hata kingekuwepo ningekuja nacho. Nimeshanunua gauni.

Wasiwasi wangu ni Lencho. Nimemwomba siku hizo mbili asiende chuo, lakini ana mtihani. Kasema, "Mama Mdogo, nenda kamwone yule mvuvi wetu. Mimi nitapanda basi. Nikivaa sare ya uuguzi nani atanijua? Wataniomba niwang'oe meno." Nikamwambia hilo si jambo la mzaha. Akanikumbatia, akasema, "Mimi mtu mzima, jamani."

Tutaonana.

Mama Mdogo wako,
Chabela

Arcata, 29 Machi 2010

Mama Mdogo,

Unaendeleaje? Unalala? Unakula? Tangu nikusindikize uwanja wa ndege hujaniandikia.

Kila nikifumba macho nauona ukumbi ule. Watu wanapiga makofi, wewe unatoka nje kupokea simu. Uliporudi umeshika ukuta, nilijua kabla hujasema. Walimpiga Lencho risasi kituo cha basi, asubuhi kweupe, akiwa na sare yake. Hawakujali sare.

Ulinikataza nisije mazikoni, kwamba vijana watakuja na bunduki, nami nikatii. Siku hiyo nilikaa mtoni mpaka nikafa ganzi.

Niandikie hata neno moja.

Mwanao,
Efraín

Arcata, 9 Aprili 2010

Mama Mdogo,

Natumaini u hai, maana kimya chako kinanitisha.

Chuy wa genge letu kanipigia. "Waliomuua Lencho tunawajua. Nafasi yako kwenye gari ipo. Au msomi siku hizi unaogopa?" Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa ijayo. Usinizuie. Nisingekuita huku, asubuhi ile Lencho angekuwa garini mwako. Mimi ndiye niliyekuita.

Nisamehe.

Efraín

Los Angeles, 12 Aprili 2010

Mwanangu,

Mimi mzima, kama mtu anaweza kuitwa hivyo. Naituma barua hii kwa haraka kadiri ya uwezo wangu. Simu nimeshindwa, nikisikia sauti yako nitalia tu, nawe hutasikia ninachotaka kusema.

Wiki iliyopita Doña Ofelia alikuja ofisini amevaa nguo zake za kanisani. Nilidhani kaja kunilaani, nikasimama nipokee. Akasema, "Chabela, nipeleke darasani kwa mwanangu." Nikamwambia, "Ofelia, masomo yote ni kwa Kiingereza." Akajibu, "Nimekuomba unieleze, au unipeleke?"

Nikampeleka. Mwalimu akampa kiti cha Lencho. Saa mbili nzima Ofelia alikaa wima, mkoba mapajani, akitazama picha ya moyo ubaoni. Hakuelewa hata neno.

Lilipokwisha somo, alinituma nimuulize mwalimu: "Mwanangu alikuwa anajua majibu?" Mwalimu alilia. Akasema, "Alikuwa anajibu kabla sijamaliza kuuliza. Nilikuwa namwambia, Lorenzo, waachie na wengine."

Ofelia akacheka, Efraín. Alicheka kabisa. Kisha akaanguka sakafuni, tukambeba mpaka garini.

Njiani akaniambia, "Yule mwingine aliyeko kaskazini, mwambie abaki huko. Nikisikia kashika bunduki kwa jina la mwanangu, asikanyage mlangoni kwangu."

Hukumuua wewe, wala mimi. Nayasema haya kila asubuhi, na siku nyingine sijiamini. Lakini usipande basi hilo. Kumzika wa pili siwezi.

Mama yako,
Chabela

Arcata, 19 Aprili 2010

Mama,

Nakusalimu. Sikuulizi hali, naijua.

Barua yako ilifika Alhamisi. Ijumaa nilikwenda kituoni hata hivyo, na begi langu. Dereva akauliza, "Unapanda au hupandi?" Nikarudisha mguu nyuma. Akafunga mlango, akaondoka.

Usidhani nilijiona shujaa. Nilijiona nimemwacha Lencho peke yake barabarani. Chuy kanipigia usiku kucha. Asubuhi nikazima simu. Sijui Chuy na wenzake wamefanya nini huko, na naogopa kuuliza.

Leo nilikuwa na mtihani. Sikumbuki nilichoandika. Nilikaa mpaka muda ukaisha, nikakabidhi karatasi, nikatoka.

Mwambie Doña Ofelia nitampigia Jumapili baada ya misa. Akitaka kulia, nitakaa kwenye simu.

Mwanao,
Efraín