Miguu ya Nafula

Mama,

Mtoto amezaliwa. Ni msichana. Nilitaka kukwambia pale pale wodini, nikatafuta "Mama" kwenye simu, nikabonyeza, na yule mwanamke wa mtandao akaniambia nambari haipatikani. Nikamjibu, sawa, asante. Hebu fikiria, nilimshukuru! Hivyo ndivyo nilivyo tangu tukurudishe ushago, kijijini, tukuzike. Naoga, nakula, nasema asante, silii. Majirani hapa mtaani Baba Dogo wanasema nimejikaza. Sijajikaza hata kidogo, ni vile hakuna kinachokuja.

Ana wiki saba sasa. Mama Mdogo alitoka Bungoma siku ya tatu aje anisaidie, na hata chai hakunywa kwanza. Aliitoa kabatini leso yako ya zambarau, ile uliyofungia watoto wa ploti nzima, akamfunga mtoto vile nyanya yenu aliwafunza: mikono kando, miguu inyooshwe, leso ivutwe mpaka ibane, ndio miguu ikue mizuri. Juu yake blanketi mbili na kofia ya uzi, ati baridi ya Julai. Mtoto akapiga nduru. Si kulia, Mama, ni nduru. Akifungwa anapiga nduru, akifunguliwa anajishtua na mikono yake mwenyewe na kuamka. Wiki sita tulikaa hivyo. Hakulala mchana, na mimi sikulala.

Mama Mdogo akasema anatafuta jina. Unayajua haya mambo yetu, mtoto akikataa kulala kuna marehemu anataka kuitwa. "Mwite Nafula uone kama hatanyamaza." Nikakataa. Nani humwita mama yake kwa jina? Hata fomu za shule nilikuwa nikiandika jina lako naona kama ninakutukana.

Siku ya kliniki nesi alimfungua akakuta shingo imelowa jasho. "Aki, mama, unampika huyu mtoto?" Akatupa blanketi kando. Akanionyesha kwa kitambaa kimoja chepesi, kiishie mabegani kisije kikapanda usoni, na kifuani kiganja changu kiweze kupita. Alale chali kila mara, si ubavu, na asiwekewe kitu kingine kando yake. Siku akianza tu kujaribu kujigeuza, nisimfunge tena. Halafu akashika pale chini ya kiuno. "Huku usibane kamwe. Magoti yakunjike, yafunguke nje kama ya chura." Alimkunja na kumfungua nyonga polepole, na mimi nikashika meza. Akasema ziko sawa, nimewahi.

Nilipokuwa nikitoka akaniuliza, "Na huo mguu wako ulianza kuchechemea lini?"

Nikamwambia nilizaliwa hivyo, maana ndivyo uliniambia. Akataka kujua nilikuwa nikifungwa vipi. Nikamwambia. Akautazama mguu wangu. "Siwezi kusema ni hiyo. Kuna watoto huzaliwa nyonga zimelegea. Lakini kunyoosha miguu na kuibana huzidisha."

Nilirudi nyumbani nikijiskia nikichechemea. Nikakaa kitini nikangoja hasira, vile tunangoja maji ya mfereji siku ya mgao. Haikuja.

Kesho yake Mama Brayo, jirani yako wa mlango wa tatu, alikuja kuona mtoto. Nilikuwa ndio namfunga vile nesi alinionyesha. Akasema, "Eeh, kumbe mama yako alikufunza." Nikamwambia hapana, hii ni ya kliniki, ya Mama ilikuwa ya kubana. Akacheka. "Ya kubana ulifungwa wewe peke yako. Sisi tuliozaa baada yako alitufungia watoto miguu ikiwa wazi. Brayo wangu alikuwa akirusha mateke ndani ya leso. Nilimuuliza mbona, akaniambia, miguu wachana nayo, nishaharibu mara moja."

Nishaharibu mara moja.

Kwa hivyo ulijua. Kila Jumapili baada ya kanisa ulinikalisha kwenye stuli, ukaninyoosha mguu juu ya mapaja yako, ukausugua na mafuta ya moto. Nikiuliza mbona sitembei kama wengine, ulisema, "Huo ndio mwendo wako, wachana nao." Nilifikiri unanidekeza tu. Mpaka nikawa mwanamke mzima unasugua, na hukusema. Ungeniambia, Mama! Ningekujibu si kitu, tungecheka, ungesugua mguu bila mzigo. Sasa nakujibu na huko uliko sijui kama inafika. Si kitu. Nasema si kitu, na inaniuma pia, yote mawili.

Nilimweleza Mama Mdogo. "Hata mimi Nafula hakuniambia," akasema, kisha akaichukua ile blanketi ya pili akairudisha kabatini mwenyewe.

Mchana huo mtoto alianza tena. Nikamfunga na leso yako, safu moja tu, mikono imetulia, magoti nje. Alirusha mateke mawili matatu ndani kule. Na ulimi ukateleza. "Tulia, Nafula."

Akalala, Mama. Alilala mpaka nikaenda kuangalia kama anapumua. Mama Mdogo anasema ni jina. Nesi angesema ni miguu. Mimi sibishani na mtu, niliosha vikombe.

Basi ndiye Nafula, ingawa jina hilo ni la mtoto wa msimu wa mvua na yeye mvua hakuiona. Bado naona haya. "Nafula, fungua mdomo." "Nafula, umejikojolea tena?" Juzi nilisema, "Nafula, wacha kunisumbua," nikajikuta nimegeuka kuangalia mlangoni, kana kwamba ungeingia na mwiko.

Naahidi hivi. Siku atakapojaribu kujigeuza nitaifua leso yako niikunje, hatafungwa nayo tena. Na nikimkosea, maana najua nitamkosea, nitamwambia kwa mdomo wangu nikiwa hai. Sitamwambia amezaliwa hivyo.

Kuna kitu kimoja bado kinanirudia. Kule mochari walikufunga shuka nyeupe, miguu imenyooshwa, imebanwa kabisa mpaka vidole. Yule mhudumu akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia asante. Ningejua, ningemwomba akulegezee.

Lala, Nafula.

Mimi mwanao, na mwendo wangu.