Usirudi Jumamosi, Zénon

Nyakabiga, Bujumbura
Jumatatu asubuhi

Kwako ndugu yangu Zénon,

Salamu nyingi zikufikie huko Dodoma, wewe na dada Lisette, shemeji na watoto wote wa nyumba hiyo. Koo linaendeleaje? Kidonda kimefunga? Unameza ugali sasa, au bado ni uji na supu? Mimi ni mzima, nakula, nalala, hata nimenenepa kidogo. Orlane anapiga ngoma zake kama kawaida na majirani wanamlaani kama kawaida. Bahizire naye yupo na gitaa lake la besi. Mama yake alivuka juzi kutoka Uvira na ndagala, wale dagaa wa ziwani, ndoo nzima, tukakukumbuka, maana wewe ulikuwa mlaji.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Lisette aliniambia simu yako uliiuza ili upate dawa. Pole sana. Ningeweza kumpigia yeye, lakini mambo haya si ya kusikiwa na dada wa mtu. Barua nampa Népomuscène wa malori, ataikabidhi mkononi mwako. Lisette pia aliniambia kwamba umepona, kwamba sauti imerudi japo nyembamba, na kwamba unapanda basi ili Jumamosi uimbe nasi Kinanira. Kupona kwako kumenifurahisha. Hilo la basi ndilo limenifanya nishike kalamu.

Albamu imetoka. Inaitwa Mnong'ono. Sisi bado ni Kutu, bado ni bendi ya metali, magitaa bado yanakwaruza masikio ya wachungaji wote wa mtaa huu. Lakini tumejipanua. Ndani kuna inanga, lile zeze la ubao la babu yangu wa Kayanza. Kuna akina mama watatu wa kwaya wanaoimba akazehe, ile salamu ndefu ya wanawake, juu ya ngoma za Orlane. Na wimbo wa mwisho hauna gitaa hata kidogo. Watu wanasema hawajawahi kusikia kitu kama hicho, nami nawaambia ni kweli.

Unakumbuka siku nilipoleta inanga ile mazoezini? Huenda umesahau. Mimi sijasahau. Uliitazama ukacheka, ukasema hili ni sinia. Ukaweka brosheti za nyama na ndizi juu yake, pilipili ikamwagikia nyuzi, ukawakaribisha Orlane na Bahizire, nao wakala. Nilipokusihi tujaribu wimbo mmoja tu, ulinijibu mdomo umejaa nyama: “Apana, Armel. Mi niko mutu ya métal. Mukitaka kuweka ile kitu mu albamu, munizike kwanza.” Bendi ilikuwa yako, nikaiondoa inanga. Nilisafisha zile nyuzi kwa mswaki, na kila zikipata joto zilikuwa bado zinanuka pilipili.

Sasa, inanga ya kwetu ina adabu zake. Mpigaji haimbi wala hangurumi kama ulivyokuwa ukinguruma wewe. Ananong'ona karibu na nyuzi mpaka pumzi yake na mlio wake vishikane. Nilijaribu mimi, nikasikika kama mtu anayeungama kwa padri. Bahizire alijaribu akashikwa na kicheko. Mwishowe tulimpata mnong'onaji, na hakuna wa kumfikia. Nitakwambia ni nani, vuta subira kidogo.

Siku ya kuzindua tulipata ukumbi Kinanira. Orlane, unamjua na huruma zake, hakutaka usahaulike. Aliweka kiti chako mbele ya jukwaa na kukivika lile koti lako jeusi la ngozi. Umeme ukakatika kabla hatujaanza, akawasha mshumaa na kuusimamisha pale kitini maana ndipo palipokuwa na nafasi. Nikasimama nikaomba tukae kimya kidogo kwa ajili ya ndugu yetu Zénon. Nilitaka kuongeza kwamba wakuombee upone. Sikufika huko. Unawajua watu wa mji huu: wakiona kiti, koti na mshumaa, hawaulizi tena. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja akaanza kulia, wa pili akampokea. Umeme uliporudi tukapiga, na kwenye ule wimbo wa mwisho walilia mpaka wapiga picha.

Kesho yake walikuja nyumbani kwa Bahizire, Mutanga Nord, na viti vyao na kreti za bia, wakakaa uani kimya kama inavyotakiwa msibani. Kila mmoja alitushika mkono akasema mwihangane, poleni na msiba. Orlane alitaka kuwaambia wewe ni mzima, una mshono shingoni tu. Nilimvuta pembeni nikamwambia ni aibu kumfukuza mtu aliyekuja kulia na bia yake. Kisha Mwalimu Jovithe, yule shabiki wako wa tangu mwanzo, akaniuliza kama uliteseka sana mwishoni. Ningeweza kumjibu kwa ukweli. Nilimwambia hapana, ulilala tu.

Tangu siku hiyo hakuna kibanda Nyakabiga kisichopiga albamu yetu. Basi ilibidi tuendelee, maana msiba hauachwi wazi, lazima watu waganduke, wavue msiba. Matanga yako tuliyaondoa wiki jana, palepale jukwaani. Kwa kawaida watu husubiri miezi, lakini ukumbi ulikuwa unapatikana siku hiyo. Msemaji wa familia nilikuwa mimi. Niliuliza kama desturi inavyotaka: nani ana dai au neno na marehemu, asimame sasa au asamehe. Hakusimama mtu. Unapendwa sana, Zénon. Koti lako alipewa Bahizire, na gitaa lako nilipewa mimi. Nimeshabadilisha nyuzi.

Sasa nikwambie mnong'onaji ni nani. Ni wewe. Kumbuka baada ya kupasuliwa ulinitumia ujumbe wa sauti, kwa ile pumzi iliyokuwa imekubakia: “Armel, musinisahau. Mi naogopa. Nitarudi.” Sikukujibu kwa sababu nilikuwa studio, tayari naufanyia kazi. Nilikata jina langu, nikakata pale ulipokohoa, nikauweka juu ya inanga ya babu. Ulikaa sawasawa. Kila ikifika “nitarudi” ukumbi mzima unasimama, watu wazima wanajifuta machozi. Hebu fikiria mwenyewe: ukirudi kweli, wimbo utabaki na nini?

Nilidhani nitaona aibu kukuandikia haya. Nimeisubiri tangu mstari wa kwanza, haijaja. Ninachosikia ni raha, na sioni kwa nini nikufiche. Sharti la kuzikwa ulilitoa wewe, mbele ya mashahidi, ukila juu ya inanga yangu.

Kwa hiyo usipande basi. Na kama utakuja kwa ule ubishi wako, usifungue mdomo hapa Nyakabiga. Sauti uliyobaki nayo wanaijua wote, hata watoto, na watakukimbia.

Nina ombi moja tu, kama ndugu. Tunaanza albamu ya pili. Azima simu ya Lisette, tafuta mahali pasipo na kuku wala redio, kisha nong'ona chochote kinachokujia, hata kama ni matusi kwangu. Usinywe maji kwanza. Ukichoka ndiyo vizuri zaidi. Tutasema tuliyakuta kwenye simu yako ya zamani.

Msalimie sana Lisette na shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Orlane angekusalimu, lakini hajui kwamba ninakuandikia. Bahizire anasema koti limemkaa vizuri, mikono tu ndiyo mifupi. Mungu akulinde, ndugu yangu, akupe maisha marefu, huko huko Dodoma.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote,
Armel