Miwani Iliyobaki Msituni

4 Machi

Kwako kaka,

Hujambo? Mgongo unasemaje, au tanuri la mikate bado linakutesa? Mimi mzima, na cherehani nayo haijambo.

Mwezi huu unatimia mwaka tangu tumzike mama. Nataka tumkumbuke kwa safari ile ile tuliyofanya naye: asubuhi msitu wa kale, mchana ufukweni, magari mawili. Wanawake wote nimeshaanza kuwashonea magauni ya kitambaa kimoja, kama mara ile. Wewe njoo na mikate. Yaliyopita si ndwele.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo, tunashukuru. Mwaka mzima hukunipa hata salamu, leo unanialika. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mtego. Nitakuja na mikate ishirini, maana shangazi peke yake anamaliza mitatu.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Natumai ulifika salama. Miguu inasemaje?

Usijisumbue kuuliza nani alikosea. Nilikutuma urudi kwenye ule mti mkubwa ukanitafutie mkoba, na mkoba nilikuwa nimeukalia. Nikahesabu vichwa, kimoja kikapungua. Nikawaambia uko gari la mbele, twendeni.

Sasa umeonja. Mara ile mama alisahau miwani kwenye gogo, chini ya mti huo huo. Nikakimbia kuifuata. Niliporudi, mlipoegesha palibaki vumbi. Nikatembea na miwani mkononi mpaka mkanikuta barabarani. Nikakuomba ugeuze, tumrudishe mama ufukweni, maana bila miwani haoni hata kijiko chake. Ukasema mmechoka. Nikauliza kwa nini uliniacha, ukajibu, "Nilisahau." Mama alitamani kuiona bahari maisha yake yote, na alipofikishwa aliisikia tu. Miezi mitano baadaye tukamzika.

Mkuki kwa nguruwe, kaka. Mkate wako niliula ufukweni, na ulikuwa mtamu. Sijutii hata kidogo.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima, malengelenge yamepona. Nilikaa kwenye gogo lile nikiwasubiri, na nilipoelewa kwamba hamrudi, niliamua kukuambia jambo nililoapa kulinyamazia. Umetaka tulipizane, basi pokea.

Sikusahau. Kabla ya kuondoka niliuliza uko wapi. Mama akachungulia nyuma akasema, "Si yule, gari la pili? Naliona gauni lake. Twende." Alikuwa shangazi. Gauni lilikuwa la kitambaa kile kile, na ulilishona wewe. Sikushuka kuhakikisha, na hilo ni kosa langu.

Ufukweni alipotaka miwani yake ndipo alipojua kuwa umebaki msituni. Tuligeuza palepale kuja kukutafuta. Njiani alilia, akanishika mkono: "Usimwambie ni mimi niliyemwacha. Sema ulisahau. Wewe utabeba." Na ulipoomba turudi ufukweni, yeye ndiye aliyenifinya nikatae. Hakuweza kuipokea miwani ile mkononi mwako kisha aitazame bahari.

Nimebeba. Umenipita barabarani kama mwizi, nikabeba. Sasa ni zamu yako.

Kaka yako

30 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nimekuja kwako mara mbili. Nikiwa mlangoni nasikia cherehani. Nikipiga hodi inanyamaza. Shangazi anasema ulichukua gauni lake la safari, ukalifumua mshono mmoja mmoja, ukamrudishia kitambaa kitupu.

Nilipoiandika barua ile nilikuwa na hasira, na nilipoitia posta nilifurahi. Nakiri. Furaha yenyewe haikufika hata jioni. Mama aliniomba kitu kimoja tu, nami nikakigeuza fimbo ya kukuchapia.

Mzigo ule nilikuwa nimeuzoea. Nirudishie. Ukinikuta njiani, nipite kama zamani, usinisalimie. Na mtu yeyote akikuuliza kilichotokea siku ile, mwambie nilisahau.

Kaka yako