Tope Lako Liko Chini ya Kitanda Changu

Baba,

Hili sijamwambia mtu, hata mdogo wangu Wafula ninayelala naye chumba kimoja. Chini ya kitanda changu kuna mkebe wa maziwa ya unga, na ndani ya mkebe kuna tope lako. Mama akitoka nauweka dirishani upate mwanga. Akirudi nausukuma ndani tena, kama mwizi.

Tumehama Makongeni. Nyumba ilikuwa ya kazi na kazi ilikuwa yako, kwa hiyo hukuondoka peke yako. Miaka yote ulitukataza kugonga misumari ukutani, eti tusiharibu nyumba ya watu, na huku Njiru ukaacha vyumba viwili vya mabati ukisema tutamalizia. Basi, sasa tunamalizia sisi. Maji ya huku ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu. Mama anasema tutazoea. Mimi sitaki kuzoea.

Lakini nimekaa kukuandikia habari za tangi lako la samaki, lile la vioo.

Nilipanga kulihamisha vile ulivyonionyesha siku ile tulipolitoa pembeni na kulisogeza karibu na dirisha. Maji ya zamani nikayateka kwenye mitungi ya plastiki ambayo haijawahi kuguswa na sabuni wala mafuta ya taa. Samaki nikawatia kwenye ndoo, na maji yao hayo hayo. Majani nikayang'oa na mizizi, nikayafunga kwa gazeti lililoloa. Kokoto nikaziacha ndani na maji kidogo, zisikauke. Vijana wa ploti walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakinicheka. "Niaje siste, mnahama na ziwa? Ngoja tulete ugali." Sikuwajibu. Unanijua.

Nilikuwa nakumbuka mkono wako umeshika wangu, umeuzamisha hadi kwenye lile tope jeusi chini ya kokoto. Ulisema, "Humu kuna vidudu hatuvioni, ndivyo vinavyokula uchafu wao. Ukiosha hapa, samaki watakufa kwa uchafu wao wenyewe." Halafu ukacheka ukasema, "Hii ni siri yetu sisi wawili."

Senge alikuja kutusaidia kuhama. Ni dada yako, nani angemkataza? Tulipokuwa Bungoma kwa mazishi yako yeye ndiye aliyefua nguo zako zote kabla hazijagawiwa, na alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba hakuna kitu cha marehemu kitakachovuka mlango wa nyumba mpya bila kuoshwa. Blanketi lako, kiti chako, hata redio aliipangusa kwa kitambaa kilicholoa. Mimi nikatumwa kupeleka funguo za stoo kwa keateka anayesimamia nyumba. Niliporudi nilimkuta bombani, ameketi juu ya mtungi, sketi ameibana magotini, beseni mbele yake na sabuni ya unga kando. Alikuwa anasugua kokoto zako kama mtu anayeosha mchele. Maji meusi yalikuwa yanakimbilia mtaroni. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, polepole, wimbo ule ule wa mazishini.

"Njoo uone, mama," akaniambia. "Uchafu wote huu. Kaka yangu alikuwa anakaa na huu uchafu?"

Na alikuwa anatabasamu, Baba. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji. Alikuwa amekufanyia kazi ya mwisho na alitaka nifurahi.

Nikasema, "Senge..."

"Nini?"

"Hakuna."

Nikageuka nikaona mitungi imelala mitupu. Maji yako ya zamani yalikuwa yamepigiwa deki, maana nyumba ilibidi irudishwe ikiwa safi. Yaliosha sakafu ya watu.

Kwenye pembe ya tangi lilikuwa limebaki tope kidogo, kiganja kimoja hivi. Nililikwangua kwa kijiko, nikatia kwenye mkebe na mche mmoja kutoka kwenye gazeti, na maji kidogo ya ndoo ya samaki. Nikafunika kwa leso. Hivyo ndivyo nilivyokuja Njiru, mkebe mapajani, na Senge akanisifu eti mtoto huyu hata maziwa anayatunza.

Tangi tulilijaza maji ya kisima. Kokoto zilikuwa zinang'aa. Majirani wakaja wakasema lo, sasa hawa samaki hata wanaonekana. Siku iliyofuata wakaanza kupanda juu na kufungua midomo. Wafula akafurahi, akasema wanabusu hewa. Nikamwacha aseme hivyo. Hazikupita siku nyingi wakawa wanaelea wote, hata yule mwekundu mwenye mkia uliochanika uliyekuwa ukimwita chifu. Wafula aliwachimbia shimo nyuma ya choo. Kabla ya kuwafukia aliniuliza kama inabidi tuwaoshe kwanza.

Jioni ile nilimgeukia Mama. Mimi, nisiyeweza hata kuomba chumvi kwa jirani. Nilimwambia, "Si ungemwambia Senge aache?"

Hakunikemea. Alikuwa anachambua mchicha, akaendelea kuchambua.

"Mimi?" akasema. "Baba yako aliniambia 'Mama Nekesa, usiguse tangi' tangu wewe uko mgongoni. Nikifagia nalizunguka. Nikipangusa vumbi nalizunguka. Leo ndio nijue la kumwambia dada yake?"

Baba, hapo ndipo hasira ilipotoka kwa Senge ikaja kwako, na haijaondoka. Nilidhani kuwa na siri na wewe ni kupendwa. Ilikuwa kupendwa, najua, lakini Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufagio na hakuna aliyemwambia pita uone. Ungemfundisha yeye, angesema. Mama anaweza kumkaripia konda wa matatu aliyemkosea chenji mbele ya abiria wote. Badala yake ulimchagua mtu ambaye hawezi kufungua mdomo, ukamwachia kila kitu, ukaenda. Na ulijua nilivyo. Ulikuwa ukinitania, "Huyu wangu ni samaki, anafungua mdomo sauti haitoki." Tulicheka wote. Sasa sioni kilichotuchekesha.

Shuleni tuliambiwa tuandike insha kuhusu mtu tuliyempoteza. Yako niliiandika kwa Kiingereza. Ilitoka safi kama kokoto za Senge, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Hakuna hata neno moja humo lililokuwa hai. Hii naiandika kwa Kiswahili, na ubaya wangu wote ndani.

Sasa sikiliza. Tangi liko mezani, limekauka, Mama ameanza kuhifadhi vitunguu humo. Kesho anakuja mama wa mandazi wa pale steji kulichukua, aonyeshee mandazi yake ndani ya kioo, inzi wasiguse. Mama amekwisha kumkubalia. Anaona ni vioo tu, na mimi sijamwonyesha kingine.

Lakini ule mche haukufa. Umetoa mtoto, Baba. Kamzizi kametambaa juu ya tope na kwenye ncha yake kumeota majani matatu membamba, ya kijani kile kile cha Makongeni. Na tangu juzi mvua inanyesha huku. Wafula amekinga maji ya mabati pipa zima, hayana chumvi, nimeyaonja.

Nakuahidi jambo moja tu. Sitamwambia Mama asiguse. Nitamshika mkono kama ulivyonishika, niuzamishe mwenyewe kwenye tope lako, na nitamweleza hivyo vidudu vinafanya kazi gani. Akikataa tulibakize tangi baada ya hapo, basi mandazi. Lakini atakuwa amejua anachokataa.

Kaa salama huko. Sijakusamehe, na siku nitakayokusamehe nitakuandikia pia.

Mkebe nimeutoa, uko mezani kando ya vitunguu. Nasikia patipati za Mama nje, anatoka kisimani, hatua nzito za mtu aliyebeba. Mkono wangu umeshaanza kukunja hii karatasi kwa mazoea. Nimeikunjua. Ameweka mtungi chini karibu na mlango. Anauliza kama kuna mtu ndani.

Ngoja nimjibu.