Rozari ya Kuhesabia Risasi

Ijumaa, 2 Novemba 2012

Siku ya Marehemu. Nimekwenda makaburini na jerikani ya maji na ufagio. Msalaba wa mume wangu Paulin ulikuwa na majivu ya mlima, kama kila mara upepo ukitoka kaskazini. Nimefagia, nimemwambia habari za nyumbani. Daniella na mumewe wako salama Bukavu. Mashine ya mchezo dukani inafanya kazi. Choo bado kimeziba. Kuhusu choo nimemlaumu kidogo. Aliahidi kukitengeneza baada ya Pasaka, halafu figo zikamchukua kabla ya Pentekoste. Mtu akitaka kukwepa kazi ana mbinu nyingi.

Padri amepita kubariki makaburi. Ameikumbuka ile rozari niliyomwekea Paulin mikononi siku ya mazishi — ile iliyokuwa ikining'inia kwenye mashine, shanga zimelainika kwa vidole. Amesema mbele ya watu: huyu alisali hata kazini. Nimeinamisha kichwa. Nimeona fahari kidogo, Mungu anisamehe.

Jioni dukani, Adalbert. Karakana yake ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, iko mlango wa pili. Nywele zimejaa maranda, lakini akishika mashine anakuwa kama mpiga gitaa. Leo amebakiza kidogo sana kumpita Paulin. Mashine hii hukumbuka mshindi mmoja tu, na juu ya kioo bado ni herufi zake: PLN. Nimemwuliza Adalbert akishinda ataandika nini.

"ADB, Mama Daniella. Kwani niandike jina ya mufu?"

Halafu akaona uso wangu. Akasema pole. Akaendelea kucheza.

Jumapili, 4 Novemba

Nimeamua kujifunza. Nikipata pointi nyingi kuliko za Paulin, nitaandika PLN tena, juu zaidi, Adalbert asifike. Si udanganyifu. Ni mke anayesaini kwa niaba ya mumewe.

Miaka yote hii nimeuza jeton za kuchezea na kuchaji simu za watu nikiwa nimeipa mashine mgongo. Leo nimeitazama. Madude yanateremka kwa safu. Yanakwenda kulia, yakigusa ukingo yanashuka hatua moja, yanarudi kushoto. Hapa mtaani Ndosho kila safu ina cheo chake. Chini ni askari wadogo. Juu kabisa, nyuma ya wote, majenerali — hao ndio wenye pointi. Sisi tuna nyumba nne za kujificha, zinazoliwa na risasi zao na zetu pia. Na juu ya yote, mara chache, inapita helikopta nyekundu. Haimpigi mtu, haimsaidii mtu, inapita tu ikilia. Ukiiangusha unapata pointi nyingi. Nimeona wazee wa kanisa wakipiga makofi.

Nimecheza. Nimekufa mara tatu kabla maji ya chai hayajachemka.

Jumanne, 6 Novemba

Siwezi kulala bila kuandika hili.

Nilimwuliza Adalbert: Paulin alifanyaje, helikopta ikampa pointi za juu kila mara, na wengine inawapa makombo? Akajikuna. Akatazama mlango.

"Mama, usikasirike. Ile helico inalipa kufuatana na hesabu ya masasi ulishapiga. Lazima uhesabu. Muzee alikuwa nahesabu ku rozari."

"Ku rozari gani?"

"Ile. Alifunga nyuzi nyekundu ku shanga fulani. Sasi moja, shanga moja. Akifika ku uzi, anaacha kupiga, anangojea helico."

Nyuzi nilizijua! Nilidhani ni nia za sala — moja ya Daniella, moja yangu.

"Na kusali, hakusali hata kidogo?"

Adalbert akafikiri kwa haki. "Helico ikimupita, alikuwa nataja Bikira Maria."

Kwa hiyo nimezika mbinu. Padri ameibariki, imo ardhini, chini ya mawe ya lava. Nilianza kulia na katikati ikageuka kicheko. Mama mmoja aliyekuja kuchaji simu alinishika mkono akidhani nimepata habari mbaya.

Anaitwa Nyiramahirwe. Mwenyeji wa Kalengera, sasa yuko Kanyaruchinya, kambi ya waliokimbia vita. Mumewe, Nsengimana, alibaki nyumbani na baba yake asiyeweza kutembea. Kila Jumapili mume anapanda kilima penye réseau, mtandao wa simu, anampigia. Kwa hiyo mama huyu anashuka kwa miguu hadi kwangu, simu ijae kabla ya Jumapili. Kwangu, kwa sababu nina batri. Kambini wanasema duka la mashine halizimi kamwe.

Ni kweli, halizimi. Haliwezi. Mashine hii ikikosa umeme, hata kwa kupepesa jicho, inasahau kila kitu na kuanza na sifuri. Paulin aliiokota kwenye hoteli iliyofungwa baada ya lava kushuka mjini, akaileta kwa chukudu ya Adalbert, akaifungia batri ya lori na convertisseur ya kugeuza umeme wake. Shirika la umeme likizima, mashine haijui. Nami nilikuwa nikisema, mume wangu ana uangalifu wa ajabu kwa wateja. Kumbe alilinda jina lake.

Ijumaa, 9 Novemba

Nimetoa rozari yangu ya ndoa. Nimekaa nyuma ya Adalbert, shanga moja kwa kila risasi. Helikopta ikilipa vizuri natia alama. Jioni nimefunga uzi — mweupe, mwekundu sikuwa nao.

Adalbert ananifundisha huku akinitukana kwa adabu. Nisianze katikati. Nianze na wa ukingoni, ili safu iwe nyembamba, ichelewe kushuka. Nitoboe nyumba yangu mwenyewe tundu dogo na kupigia humo. Nisipige kwa woga: risasi ni moja hewani, mpaka ifike ndipo upate nyingine. Na yule wa mwisho, anayekimbia kama mwizi wa kuku, nisimlenge alipo. Nilenge anapokwenda.

"Na ingine moja," akasema, "lakini ile ni ya muzee peke yake. Hakuna mutu ana roho ya kuifanya."

Paulin aliwaacha washuke. Washuke wote, mpaka juu ya kichwa chake kabisa, hatua moja kabla ya kufa. Pale, sijui kwa nini, risasi zao hazimpati mtu. Zinapita. Anawaokota mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayechambua maharage. Mtu huyo huyo aliyeogopa sindano.

Jumapili, 11 Novemba

Nimeangusha helikopta. Kwenye uzi! Mama mmoja wa kwaya akapita mlangoni, akaniona nimesimama mbele ya mashine na rozari mkononi, midomo inatembea. "Unasali, Mama Daniella?" Nimesema ndiyo. Sasa tuko wawili katika uongo huo, mmoja juu, mmoja chini.

Nyiramahirwe amepigiwa mchana akiwa bado hapa dukani. Ameongea Kinyarwanda akiwa amegeukia ukuta, kwa aibu, kama msichana. Baada ya hapo akaniambia mumewe anauliza kama nimeshawashinda madude. Simjui mtu huyo na ananiulizia.

Alhamisi, 15 Novemba

Mizinga upande wa Kibumba. Mbali, lakini vikombe vinasikia. Adalbert amecheza vibaya. Nami nimecheza vizuri, sijui hilo lina maana gani juu yangu. Nimebakiza safu mbili kumfikia Paulin. Niliogopa kuwaacha washuke, nikafa.

Jumapili, 18 Novemba

Kanyaruchinya imekuwa tupu. Watu wote wamo barabarani, wanapita hapa kuelekea kambi ya Mugunga — godoro, sufuria, mbuzi, bibi juu ya chukudu. Nyiramahirwe ameingia dukani na godoro kichwani, akaomba akae kidogo tu asikie simu. Ni Jumapili yake. Simu haikulia. Nimemwambia aweke godoro nyuma ya mashine.

Umeme umekatika mchana. Nimefanya alivyokuwa akifanya Paulin umeme ukichelewa: kuna swichi ndogo nyuma, inazima kioo peke yake. Ndani mashine inaendelea, inakula kidogo sana. Alikuwa akisema, imefumba macho tu, haijalala. Sasa huwezi kuliona jina. Unajua lipo. Katekista angefurahi: kuamini bila kuona.

Jumatatu, 19 Novemba

Mabomu karibu na uwanja wa ndege. Daniella amepiga kabla réseau haijakufa: "Mama, vuka mpaka uende Gisenyi, acha kila kitu." Nimesema sawa. Adalbert amekuja na chukudu mpya, bado inanuka mbao. Nimesema: na mashine.

Amenitazama. Amekwenda kuita vijana wake.

Haiwezi kuchomolewa, kwa hiyo tumeipakia na batri yake, imefungwa kwa mipira, Nyiramahirwe anashika waya kama anashika mkono wa mgonjwa. Barabarani mama mwenye kuku wawili ameuliza kama ni friji. Adalbert: "Ni muzee Paulin." Mama akafanya ishara ya msalaba.

Hatukufika mbali. Waliokwenda upande wa mpaka wanarudi, waliokwenda upande wa Sake wanarudi, na wote wanatuambia tumekosea njia. Tumegeuza, tumerudi dukani. Tumelala chini, nyuma ya mashine, Nyiramahirwe na mimi na Adalbert. Ni nzito. Ni kitu pekee cha chuma nilicho nacho. Adalbert akasema kwa sauti ndogo: "Sasa hii nyumba ndiyo batatoboa." Nimecheka, na bomu likaanguka mahali fulani, na nimeona vibaya kuwa nilikuwa nacheka.

Jumanne, 20 Novemba

Waasi wameingia. Wamepita mbele ya duka kwa mstari, mabuti ya mpira, kimya, karibu kabisa. Hakuna aliyepiga. Adalbert na mimi tumetazamana. Wote wawili tulimfikiria Paulin, alivyowaacha washuke.

Alhamisi, 22 Novemba

Hakuna umeme. Hakuna maji. Watu wanachota ziwani.

Convertisseur imeanza kulia, taa nyekundu. Maana yake batri inakwisha. Simu ya Nyiramahirwe ilizima Jumatatu. Wanasema réseau imerudi tangu asubuhi, vipande vipande. Yeye hakuniomba kitu. Amekaa juu ya godoro, simu kwenye kiganja, anaishika kama yai. Hajui kama Nsengimana yu hai. Kalengera iko upande ule waasi walikotokea.

Nimemwuliza Adalbert: batri inaweza vyote viwili?

"Hapana, Mama. Ukiweka simu, itamaliza ile imebakia. Mashini itasahau."

Akagusa kioo kwa kidole. Halafu: "Ama tuwashe kioo, niipige mara ya mwisho? Kama inakufa, ikufe na mutu wa kuishinda."

Nimemwita mchawi. Amekubali kwamba yeye ni mchawi.

Nimechukua chaja. Nyiramahirwe akasimama mbele ya mashine, mikono imenyooshwa, mimi na nguvu zangu zote za utu uzima nikisukumana na mwanamke ili nimsaidie. "Hapana, Mama. Ile ni jina ya muzee wako. Siwezi kukula jina ya mutu."

Nimemwambia PLN ni herufi tatu tu. Nsengimana ana magoti ya kupandia kilima, ana baba, anaulizia michezo ya mjane asiyemjua. Nikamwambia pia kuwa Paulin alizoea kulalamika nikichaji simu ya Daniella. Alalamike sasa.

Nimechomeka. Convertisseur ikalia zaidi. Nimeifunika kwa kitenge, kisha blanketi, nisisikie itakaponyamaza. Kwa hiyo sijui ilinyamaza saa ngapi, wala kama ilinyamaza. Nimetoka nje kuosha sufuria safi.

Simu imepata kidogo. Amepiga. Haipatikani. Amezima ili aitunze.

Ijumaa, 23 Novemba

Haipatikani. Adalbert ameniletea maharage. Hakuna aliyegusa swichi ya nyuma ya mashine.

Jumamosi, 24 Novemba

Naandika nimekaa juu ya kreti, dukani. Umeme umerudi sasa hivi — nimeujua kwa kelele ya mtaa mzima. Feni imezunguka, redio ya jirani imeanza katikati ya tangazo. Chini ya blanketi kimya.

Adalbert amekuja mbio na maranda yake. Ameleta kiti. "Tufungue macho yake, Mama?"

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye swichi ya nyuma. Ama nitaona PLN, ama sifuri. Kama ni sifuri, najua pa kuanzia: ukingoni, si katikati. Rozari iko shingoni, uzi uko mahali pake. Adalbert ameuliza, na ukishinda leo utaandika nini, PLN? Nimeanza kusema PLN, nikaacha. Mimi ni Émérance. Herufi tatu zinatosha.

Hapo ndipo simu ya Nyiramahirwe, aliyoiwasha umeme uliporudi, imelia.

Nyiramahirwe ameitazama mpaka nikadhani itakatika. Ameipokea. Amegeukia ukuta. Sioni uso wake. Anasikiliza tu, mkono mwingine umeshika ukingo wa mashine, na Adalbert anaonyesha swichi, ananiuliza kwa nyusi. Nimemwambia angoje. Nimeondoa kidole.

Amalize kwanza kusikia.