Mnara Wetu wa Makaburini

Zahanati, huku Delta

Mwanangu Seif,

Anayekusalimu ni mama yako na yu hai, hilo lishike kwanza kabla hujasoma mbele. U mzima? Zuhura tumbo linampa nafasi ya kulala? Na mguu wako uliochomwa na kisiki shambani, kidonda kimefunga? Mie nakula, nasema, nagombana na nesi. Mkono ulioshonwa ni wa kushoto. Wa kuandikia mzima, kwa hiyo huu mwandiko mbaya ni wangu wa siku zote.

Ujumbe uliompa dereva wa lori la ufuta nimeupata. Ati, "Mwambieni mama nakuja, na aliyemkata ajiandae." Mwanangu, ujumbe huo ulinitisha kuliko siku yenyewe ya panga. Simu zetu zimekufa tangu mnara uanguke, na huko Ngarambe najua habari inafika imeshazaa wajukuu. Basi isome kwangu.

Nilipokuja huku baada ya baba yako kufariki nilikuwa nauza chapati kwa wavuvi wa kamba. Mtandao tulikuwa tunaupata kwa kampuni kubwa tu, ng'ambo ya mto, unakuja na kukata, na vocha zote zinapitia kwa tajiri mmoja wa Kibiti anayepanga bei atakavyo. Ndipo watu wakaunda chama. Wakasimamisha mnara wao wenyewe, intaneti inanunuliwa kwa jumla mjini, inarushwa hadi huku, tunagawana. Kila nyumba ina sauti moja kwenye mkutano. Faida haendi nayo mtu nyumbani, inanunua betri. Mie nikawekwa mwangalizi kwa kuwa nakaa jirani. Naosha mavi ya ndege kwenye sola, nawasha upya mitambo ikiganda, natukanwa.

"Somoe, intaneti yako leo imelala?"

"Imelala kwako. Amka wewe kwanza."

Ndiyo kazi yangu, na niliipenda.

Kosa letu ni moja. Huku ardhi isiyomezwa na mafuriko ndiyo tunayozikia. Mnara tuliusimamisha hapo, pembeni ya makaburi, na kwa haraka zetu hatukusoma hitima wala hatukuwaomba radhi wenye wafu wao. Tajiri alikuja kwanza na sukari na unga, akataka tumuuzie mnara. Mkutano ukakataa. Akacheka, akasema, "Haya, laleni na makaburi yenu." Baada ya hapo maneno yakaanza kutembea kwamba tunapitisha picha chafu juu ya vichwa vya wazee. Wapo majirani walioyaamini, siwalaumu.

Ijumaa, maji yamejaa, wanaume karibu wote wako msikitini, ikaingia boti ya injini. Wamejaa vijana wa huko barabarani, wana majembe, mapanga na msumeno wa chuma. Mkubwa wao akasema wametumwa na wajukuu wa marehemu. Nikamuuliza, "Marehemu gani? Mtaje jina." Akanisukuma. Wengine wakaanza kuchimba kwenye kitako cha mnara, wengine wanakata nyaya. Majirani wengine walisimama wanatazama tu. Hamisi, fundi wetu wa mnara, alishikilia nguzo kwa mikono miwili, wakampiga mpini wa jembe mpaka akaiachia. Mie nikakaa mbele ya banda la betri.

Kijana mmoja akaniambia, "Mama, toka." Kwa adabu kabisa, mwanangu, kama wewe unavyoniambia. Nikasema sitoki. Panga likashuka. Uchungu sikuusikia, nilisikia mlio, kama kuni mbichi inapochanjwa. Nilipotazama mkono nikaona mfupa wangu, mweupe.

Mkono wa kulia ulikuwa na ile spana ndefu ya kukazia nyaya. Nikampiga nayo ya taya. Taya lilihama upande. Akainama, nikampiga mgongoni. Akaanguka, nikampiga tena, na tena, na hapo panga lilikuwa limeshamtoka mkononi. Nakwambia kwa kuwa utaambiwa.

Mnara ukaanguka juu ya banda, mabati yakaruka, betri zikashika moto. Msikitini wakasikia. Wale vijana wakakimbilia boti, lakini wageni wale hawakuhesabu maji. Maji yalishakupwa, boti imekaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Wakaruka, wakazama mpaka mapajani. Watu wetu wakawafuata juu ya mbao, wakawapiga kwa makasia humo humo topeni. Nilimsikia mmoja akimwita mama yake. Wakawaburuta hadi juu, hadi kwenye shimo walilolichimba, na yule wangu wa taya pia, anavuja damu mdomoni.

Kuna aliyesema, "Shimo mmelichimba wenyewe, ingieni." Watu wakaitikia. Udongo ukaanza kurushwa. Na mie, Seif, nilimshika yule kijana ukosi wa shati kwa mkono wangu mzima, nikamvuta kuelekea shimoni. Nilitaka aingie. Niliona raha ambayo sijapata kuiona.

Bi Tatu unamsikia kwenye habari zangu, yule bibi ambaye ukoo wao na ukoo wa wenye kijiji hiki ni watani wa kuzikana. Kwenye misiba yao ndiye anayeingia kaburini akalala mpaka alipwe. Akapenya katikati ya watu, akashuka ndani ya lile shimo, akajinyoosha chali.

"Toka, Bi Tatu. Leo si siku ya utani."

"Mmechimba kaburi mkasahau kumwita mtani? Sitoki. Nataka mbuzi mwenye mimba ya mapacha."

"Bibi, tutakufukia na wewe."

"Fukieni. Ila wewe unayesema, mama yako nilimlalia kaburi lake na ukanilipa kuku mwenye kideri. Bado nakudai."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mwingine akamrushia bonge la udongo, likampata jichoni. Akajifuta kwa ushungi, akabaki pale pale. Akaniambia mie, "Somoe, na wewe mwenye damu nyingi, niletee kitenge nijifunike, huku chini baridi." Mtani aliyelala kaburini haburutwi, mwanangu, hakuna aliyewahi kufanya hivyo huku. Watu wakasimama na majembe yao mikononi, wanatukana, wanalia. Ukosi wa shati ukaniponyoka. Bi Tatu alilala humo mpaka maji yakarudi, wale vijana wakafungwa kamba, wakapelekwa polisi Kibiti kwa boti yao wenyewe.

Hitima tumeshasoma. Mkutano umeamua mnara usimame tena, na hata waliotazama wamenyoosha mkono. Tajiri hajakamatwa. Hilo lina watu wake, si lako.

Lako ni hili. Kijana wa taya hakuweza kusafirishwa. Yuko hapa zahanati, nesi Eliza anamnywesha uji kwa mrija, mdomo umefungwa kitambaa. Umri wake ni kama wako. Hawezi kukimbia wala kupiga kelele. Ukija na panga utamkuta, wala hutamtafuta. Mie niliye mama nilionja ile raha, nikashindwa kuacha mwenyewe, mpaka bibi kizee akalala shimoni. Wewe nani atakulalia?

Msalimie Zuhura mkwe wangu, asibebe ndoo. Msalimie shangazi yako Mwajuma aliyekulea nikiwa mbali, na mjomba wako Saidi, mwambie asikupe pikipiki yake.

Na kama hata hivyo utakuja, jua kwamba zahanati hii ina chumba kimoja cha wagonjwa. Kitanda cha kijana yule nimemwambia nesi akisukume ukutani. Changu nimekivutia mlangoni. Humfikii mpaka univuke mie.

Mama yako anayekutaka mzima,
Somoe